Ajali, ambulensi na majeruhi mahututi Mtwara na Lindi: maswali yanayoulizwa kila mara

Haya ni maswali ambayo sisi tunaofanya kazi chumba cha dharura huku Kusini tunaulizwa kila siku na madereva wa boda, wenyeviti wa vijiji, walimu, na ndugu wanaosubiri mlangoni na nguo zina damu. Mengi yanahusu muda, yaani ambulensi inafika lini na tufanye nini wakati haijafika. Kama ajali imetokea saizi hivi, ruka moja kwa moja swali la 5 na la 6, mengine utasoma baadae.

## Mambo ya mwanzo

1. Ajali imetokea, napiga namba gani?

112 ni polisi, 114 ni Zimamoto na Uokoaji, zote unapiga bure hata kama huna salio. 115 ni ya m-mama, ina watu wake maalum, soma swali la 3.

Ila huku kwetu ambulensi nyingi zipo chini ya hospitali au kituo cha afya, anayeiruhusu itoke ni mganga wa zamu au mfawidhi wa kituo. Kwahiyo namba yenye thamani kuliko zote ni ya zamu ya kituo chako cha karibu, ikifuatiwa na ya mtendaji au mwenyekiti wa kijiji ambaye anajua nani ana gari na kama lina mafuta. Itafute leo ukiwa umetulia, isevu ianze na herufi A mbili ili iwe juu kabisa, alafu iandikeni kwa rangi kwenye ubao wa kijiwe cha boda maana wao ndo wanafika kwanza kwenye kila ajali.

Ukipiga usianze kulia wala kusimulia nani alimgonga nani. Sema mahali kwa alama (mfano: kati ya Mnazi Mmoja na Mtama, upande wa kushoto ukitoka Lindi, karibu na kituo cha mafuta), majeruhi wangapi, wanapumua au hawapumui, kuna damu inayotoka kwa kasi au hamna, kuna aliyebanwa ndani ya gari au hamna. Toa namba ya simu itakayokuwa wazi, na mwenye simu hiyo asianze kuwapigia ndugu, namba ikikutwa inatumika dereva wa ambulensi ataipita sehemu yenyewe.

2. Ambulensi inachukua muda gani kufika?

Uingereza huduma yao ya afya imejiwekea lengo kwamba kwa mgonjwa wa hatari kabisa ambulensi ifike kwa wastani wa dakika 7, na tisa kati ya kumi wafikiwe ndani ya dakika 15, na hata wao mara nyingi wanashindwa. Sisi hatuna mtandao wa namna hiyo, usidanganyike na unachokiona kwenye runinga.

Piga hesabu ya huku. Ajali imetokea kilomita 40 kutoka Masasi, ambulensi ipo Masasi. Mtu wa kwanza kupata mtandao na kupiga simu, tuseme dakika 10. Kumpata dereva, nesi wa kusindikiza, mtungi wa oksijeni, dakika 15. Kwenda, dakika 30 barabara ikiwa nzuri. Kumpakia 10, kurudi 30. Hapo mgonjwa anafika hospitali zaidi ya saa moja na nusu tangu aanguke, na hapo hakuna aliyezembea hata mmoja. Kama ambulensi imeshaondoka na mgonjwa wa rufaa kwenda Mtwara mjini, hesabu yote inavunjika.

Ukiangalia vizuri utaona gari linakwenda mara mbili, kwenda na kurudi. Pale ndo kuna dakika za kuokoa, nimeeleza swali la 11.

3. Kwani 115 si ndo namba ya ambulensi?

115 ni ya mfumo wa m-mama, unaosafirisha bure wajawazito wenye dharura, mama aliyejifungua ndani ya siku 42, na mtoto mchanga mpaka siku 28. Pale ambapo hamna ambulensi karibu wanatumia madereva wa kijamii waliosajiliwa, na dereva analipwa kwa simu. Ni mfumo mzuri sana, umeokoa mama zetu, na binafsi natamani siku moja tuwe na kitu cha aina hiyo kwa majeruhi. Kwa saizi ajali ya boda ya kawaida usiitegemee 115. Mjamzito aliyepata ajali ni habari nyingine, tazama swali la 20.

4. Ile "saa moja ya dhahabu" ni kweli? Ikipita mtu ndo basi tena?

Hapana, sio basi tena. Hilo wazo lilienezwa na daktari wa upasuaji R Adams Cowley wa Baltimore, Marekani, akisisitiza kwamba majeruhi mahututi afike haraka mikononi mwa watu wa upasuaji. Wazo ni zuri ila dakika ya 60 yenyewe haina uchawi wowote. Kila jeraha lina saa yake.

Njia ya hewa ikiziba una dakika chache tu. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika mtu anaweza kuisha damu ndani ya dakika 3 mpaka 5. Bandama iliyopasuka inavuja kimya kimya, unaweza kuwa na saa moja au masaa kadhaa. Damu inayokusanyika ndani ya fuvu inaweza kuchukua masaa huku mtu anaongea. Mfupa uliotokeza nje unahitaji dawa ya kuzuia vijidudu mapema, masaa ya mwanzo, sio kesho yake. Sasa angalia hiyo orodha, mbili za kwanza hamna ambulensi duniani itakayoziwahi barabara ya Nanyumbu. Anayeziwahi ni wewe uliyesimama pale.

## Dakika kumi za kwanza

5. Nimemkuta majeruhi barabarani, naanza na nini?

Wewe kwanza usigongwe. Weka matawi ya miti mita nyingi nyuma na mbele ya ajali, washeni taa za pikipiki, mmoja asimame na tochi kama ni usiku. Kwenye msimu wa korosho malori yanapita usiku kucha na dereva anayekuja kwa kasi haoni kundi la watu waliovaa nguo nyeusi.

Alafu damu inayoruka au kububujika, hiyo unaizuia hapo hapo hata kabla ya kuuliza jina. Kisha angalia anapumua au hapumui, mdomoni kuna damu, matapishi, meno, toa unachokiona kwa macho tu, usichokonoe kwa kidole mpaka kooni. Kisha mfunike. Ndio, mfunike hata kama ni saa saba mchana Mtwara na jua linachoma, maana aliyepoteza damu mwili wake unapoa na mwili ukipoa damu haigandi vizuri. Khanga, koti, turubai kavu, chochote.

Kingine ambacho watu wanakidharau: mtu mmoja awe msemaji. "Wewe piga simu, wewe simamisha magari, wewe bonyeza hapa." Watu 50 wakiwa wanaangalia tu, kila mmoja anadhani mwenzake ameshapiga simu.

6. Damu inatoka kwa kasi, nafanyaje?

Bonyeza. Kunja kitambaa safi, kiweke juu ya jeraha lenyewe, bonyeza kwa viganja viwili na uzito wa mwili wako, mikono imenyooka. Usifunuefunue kuangalia kama imeacha, kila ukifunua unaling'oa donge la damu lililokuwa linaanza kuziba. Kitambaa kikilowa ongeza kingine juu. Jeraha likiwa na shimo, mfano kwenye kinena au kwapani, sindilia kitambaa ndani ya shimo kabisa alafu ubonyeze. Inatisha kufanya ila ndo inavyotakiwa.

Ikiwa ni mkono au mguu na kubonyeza hakusaidii, au kiungo kimekatika, funga juu ya jeraha. Chukua utepe wa khanga upana kama wa vidole vitatu au vinne, zungusha vidole vinne juu ya jeraha upande wa mwilini, sio juu ya goti wala kiwiko. Funga fundo, weka kijiti kigumu, funga fundo jingine juu yake, alafu zungusha kijiti mpaka damu iache kabisa, kisha kifunge kijiti kisirudi. Itamuuma mno, atakutukana, usilegeze. Andika saa kwenye paji la uso kwa kalamu au hata mkaa, mfano "8:40 mchana".

Kuna mambo mawili watu wanakosea hapo. Moja ni kufunga kwa waya au kamba nyembamba, inakata nyama na neva. La pili ni kulegeza kila baada ya dakika kumi "ili damu ipite kidogo", hiyo inamuua, maana kila ukilegeza anapoteza nyingine. Ikikaa mpaka masaa 2 kwa kawaida kiungo kinapona, atakayefungua ni dokta. Na uzi mwembamba unaolegea ni mbaya kuliko kutofunga kabisa, kwasababu unazuia damu kurudi huku ya kwenda inaendelea kutoka.

7. Amezimia ila anapumua, nimkalishe?

Usimkalishe, usimmwagie maji, usimpige makofi. Mlaze kiubavu, mkono wa juu chini ya shavu, goti la juu limekunjwa, mdomo uelekee chini ili matapishi yatoke nje. Wengi wanaokufa na kichwa sio kichwa kilichowaua, ni matapishi au ulimi uliorudi nyuma wakati wamelazwa chali nyuma ya gari. Kama unahofia shingo, mmoja ashike kichwa na shingo vikiwa kwenye mstari mmoja na kifua, wengine wamgeuze kwa pamoja kama gogo. Hewa inatangulia mgongo, siku zote.

Anakoroma kama mtu aliyelala fofofo? Huyo njia ya hewa imebanwa, sio usingizi. Sukuma taya lake la chini mbele kwa vidole nyuma ya pembe za taya, kukoroma kutaacha.

8. Ameanguka kutoka kwenye mnazi au mkorosho, anasema hasikii miguu.

Asiinuliwe na watu wawili kwapani na miguuni. Tafuteni mlango, ubao mpana au kitanda cha kamba kilichokazwa, mgeuzeni kama gogo (swali la 7), telezesha ubao chini, mfungeni na khanga kifuani, nyongani na juu ya magoti, na pande mbili za kichwa weka nguo zilizokunjwa. Akifika hospitali aondolewe kwenye ubao mapema, kulala masaa mengi kwenye ubao mgumu kunamtoboa vidonda maana hasikii maumivu. Mwambie nesi alilazwa saa ngapi.

9. Nini nisikifanye kabisa?

Usichomoe kisu, nondo au kijiti kilichomchoma, kizungushie vitambaa kisitikisike, kikatwe nje kama ni kirefu. Utumbo ukitoka usiurudishe, ufunike na kitambaa safi kilicholowa maji safi. Usipake majivu, mafuta ya taa, dawa ya meno, sukari wala majani. Usimpe chakula wala kinywaji, hata soda, anaweza kwenda tiyata (chumba cha upasuaji) na tumbo likiwa limejaa akatapika akiwa amelazwa usingizi. Kofia ya pikipiki iache kama anapumua vizuri, ivue kwa uangalifu watu wawili kama inazuia hewa.

Na tafadhali, usimrekodi. Simu yako ina tochi na ina namba ya zamu, hivyo viwili vinatosha.

10. Naogopa kugusa damu, je UKIMWI?

Woga huo una maana na hakuna wa kukucheka. Glavu ni bora, kama hamna tumia kifungashio chochote cha plastiki kisichotoboka, au mwambie majeruhi mwenyewe abonyeze kama anajitambua. Damu ikigusa ngozi isiyo na kidonda nawa kwa maji na sabuni. Ikiingia kwenye kidonda chako, jichoni au mdomoni, osha kwa maji mengi na wahi kituo cha afya kupata dawa za kinga, zinatakiwa zianze ndani ya masaa 72 na kila saa unavyowahi ndo vizuri zaidi. Mwendesha boda anayejua hili akinunua glavu jozi tano akaziweka chini ya siti, ameshajitosheleza mwaka mzima.

## Nisubiri au niondoke naye?

11. Nisubiri ambulensi au nimpakie kwenye gari lolote?

Hili ndo swali lenyewe na jibu langu ni: piga simu kwanza, alafu uliza "ipo wapi na inatoka saa ngapi". Ukiambiwa ipo njiani dakika 15, subiri, endelea kubonyeza. Ukiambiwa ipo safari au haina dereva, na mgonjwa anavuja damu ndani (tumbo limekaza, midomo imepauka, jasho la baridi, mapigo yanakimbia), mpakie kwenye gari lolote linaloweza kumlaza.

Sio sisi tu wenye mawazo haya. Jiji la Philadelphia kule Marekani polisi wamekuwa wakiwapakia waliopigwa risasi au kisu kwenye gari la doria na kuwawahisha hospitali bila kusubiri ambulensi, na wanaopona hawapitwi na wale wa ambulensi. Kanada, jimbo la Ontario, utafiti mkubwa uliotoka 2008 ulilinganisha huduma ya kawaida ya ambulensi na ile ya wataalam wenye mabomba ya hewa na dripu, ukakuta majeruhi mahututi hawakupona zaidi kwa huo utaalam wa barabarani. Kinachomponyesha anayevuja damu ndani ni upasuaji, na upasuaji haupo barabarani.

Njia ya katikati ambayo naipenda kuliko zote ni kukutana njiani. Gari la mtu binafsi au la serikali linaondoka na mgonjwa, ambulensi inakuja kuwapokea, mnakubaliana sehemu moja inayojulikana, mfano Ndanda stendi. Ule mfano wa kilomita 40 wa swali la 2 unapungua karibu dakika 30 kwa uamuzi huo mmoja tu. Ila lazima simu za madereva wawili ziwe zinapatikana na kila mmoja ajue gari la mwenzake ni rangi gani, la sivyo mnapishana.

12. Boda inafaa?

Mkono umevunjika, anajitambua, anakaa mwenyewe: inafaa. Aliyezimia, wa mgongo, wa paja lililovunjika: haifai. Tumewapokea wengi waliokuja mshikaki, majeruhi katikati, ndugu nyuma amemkumbatia, kichwa kimelala kifuani kwa dereva kidevu kimegusa shingo. Kwa ukaaji ule njia ya hewa imekunjika kabisa, na barabara ya vumbi kila shimo linaisukuma shingo. Wanafika wamemshika vizuri, kwa mapenzi yote, na mtu alishaacha kupumua nyuma huko bila wao kujua.

Kama hamna kitu kingine kabisa, tafuta guta au bajaji iliyotolewa siti, alale kiubavu, mtu mmoja kazi yake iwe kuangalia anapumua mpaka mnafika.

13. Nimpeleke zahanati ya karibu au niende moja kwa moja hospitali kubwa?

Zahanati ina faida moja kubwa, ipo karibu: wanaweza kuzuia damu, kusafisha njia ya hewa, kuweka dripu, kupiga simu ya maana mbele. Kama mgonjwa hapumui vizuri au damu imewashinda, simameni pale. Kama damu imeshazuiwa na anapumua, kila kituo mnachosimama mkaandikwe upya kinakula dakika zake, na mwisho mnaambiwa mwende mbele vile vile.

Mnahitaji sehemu yenye tiyata inayofanya kazi, damu, na mtu wa kumlaza mgonjwa usingizi. Ukanda wa Masasi watu wanakwenda Mkomaindo au Ndanda, ukanda wa Mtama kuna Nyangao, Lindi mjini kuna Sokoine, Mtwara mjini kuna Ligula na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Kichwa na uti wa mgongo mara nyingi safari inaweza kuishia MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, Dar, karibu kilomita 560 kutoka Mtwara, kwahiyo ndo maana lazima atulizwe kwanza huku kabla ya kusafirishwa. Pigeni simu kabla ya kuondoka: "daktari wa upasuaji yupo? umeme upo?" Hilo swali sio utovu wa adabu, ni kuokoa mtu.

14. Ndani ya ambulensi nani anatakiwa awepo?

Mtumishi wa afya amekaa nyuma na mgonjwa, sio mbele na dereva. Mtungi wa oksijeni ufunguliwe usomwe geji kabla ya kutoka getini, kuna safari mtungi unaisha katikati ya pori. Iwepo mashine ya kufyonza matapishi, glavu, mfuko wa kupumulishia. Ndugu mmoja anatosha, awe na simu yenye chaji na awe tayari kutoa damu. Barua ya rufaa iandikwe saa ya ajali, dawa alizopewa na saa zake.

## Mkishafika hospitali

15. Hawatamgusa bila PF3, ile fomu ya polisi?

Majeruhi wa dharura anatibiwa kwanza, PF3 inafuata. Mtu mmoja abaki na mgonjwa, mwingine aende kituo cha polisi. Hospitali kubwa nyingine zina askari pale pale. Mtumishi aking'ang'ania karatasi wakati mtu anavuja damu, usigombane naye, omba kuonana na mganga wa zamu au kiongozi wa zamu.

PF3 bado ni ya muhimu, bila hiyo kesi na madai ya bima vinakuwa vigumu. Piga picha namba ya gari pale pale kwenye ajali, maana bima ya kumlinda mtu wa tatu ni ya lazima kisheria kwa kila chombo cha moto na familia nyingi za huku hazijui kabisa kwamba zinaweza kudai.

16. Hatuna hela, itakuwaje?

Sema mapema, usikimbie. Kila hospitali ya wilaya na ya mkoa ina ofisi ya ustawi wa jamii, wao ndo wenye kazi ya kutathmini msamaha. Mkiambiwa mchangie mafuta ya gari ombeni risiti, iwe kiasi gani.

17. Mbona tumefika na hawamkimbizi tiyata?

Kwasababu mtu akilazwa usingizi wakati presha iko chini anaweza kufia mezani. Wanachofanya pale kitandani ni matibabu tayari: njia ya hewa, kifua (wakati mwingine wanachoma mrija kutoa hewa au damu), dripu mbili kubwa, altrasaundi ya tumbo kuona kama kuna damu ndani, kupima kundi la damu. Kuna sindano pia inayozuia donge la damu lisiyeyuke, inaitwa traneksamiki asidi. Utafiti uliotoka 2010 kwa wagonjwa zaidi ya 20,000 ulionyesha inapunguza vifo vya kuvuja damu, ila ianze ndani ya masaa 3 tangu ajali, ikichelewa zaidi ya hapo inaweza kuleta madhara. Ndo maana utaulizwa "ajali ilitokea saa ngapi?" mara tano. Jibu kwa ukweli, usikadirie kwa kupunguza ili usionekane ulichelewa.

Tiba ya dharura kama fani nchini bado changa, idara ya kwanza kamili ya umma ilifunguliwa Muhimbili 2010. Huku tunajifunza na kuongeza watu mwaka hadi mwaka.

18. Wanataka watu wa damu, kwani damu hainunuliwi?

Damu hainunuliwi wala haiuzwi, inatoka kwa watu. Majeruhi mmoja wa nyonga iliyovunjika anaweza kumaliza akiba yote ya hospitali ya wilaya kwa usiku mmoja. Damu Salama wana kituo cha kanda Mtwara. Mwenye miaka 18 mpaka 65, kilo 50 na kuendelea, mwanaume anaweza kutoa kila miezi 3, mwanamke kila miezi 4. Vijana wa kijiwe wakijiandikisha kwa zamu, siku mwenzao akianguka damu inakuwa ipo tayari. Kutoa siku ile ile ya ajali kunasaidia ila lazima ipimwe, na kupima kunachukua muda ambao mgonjwa hana.

19. Alikuwa anaongea vizuri, tukarudi naye nyumbani, asubuhi amekufa. Ilikuwaje?

Poleni sana. Mara nyingi ni damu iliyokuwa inakusanyika taratibu kati ya fuvu na ubongo. Mtu anapigwa, anapoteza fahamu kidogo, anaamka, anaongea, hata anakula, alafu masaa baadae ubongo unabanwa. Kwahiyo yeyote aliyepoteza fahamu hata dakika moja, anayetapika zaidi ya mara moja, mwenye kichwa kinachozidi kuuma, aliyechanganyikiwa, mwenye mboni moja kubwa kuliko nyingine, au damu au majimaji yanayotoka sikioni au puani, arudi hospitali usiku huo huo.

Na mlevi. Mlevi aliyeanguka na pikipiki ndo tunampoteza kwa wingi kwasababu kila mtu anasema "mwacheni alale pombe imtoke". Pombe haitofautishwi na kichwa kilichopasuka kwa kumwangalia tu. Muamshe kila saa, asipoamka kama kawaida mpeleke.

## Kesi zisizo za kawaida

20. Mjamzito amepata ajali, anasema yuko sawa.

Apelekwe hata kama yuko sawa, kondo linaweza kuachia bila damu kuonekana nje. Mimba ikiwa kubwa alale ubavu wa kushoto, akilala chali mtoto anakandamiza mshipa unaorudisha damu moyoni. Hapa pigeni 115 pia.

21. Nyoka, mamba, tembo?

Nyoka usifunge ule mfungo wa swali la 6, kiungo kitakufa. Kitulize kisitembezwe, kifunge na kijiti kama mfupa uliovunjika, nenda. Mamba wa Ruvuma na meno yake ni jeraha chafu sana, damu zuia kama kawaida, alafu dawa za vijidudu na pepopunda hata kama kidonda ni kidogo. Aliyekanyagwa au kurushwa na tembo kule Liwale na Nachingwea mhesabie ana majeraha ya ndani hata kama ngozi haijachanika.

22. Lori la mafuta limepinduka, watu wanachota.

Ondokeni. Agosti 2019 Morogoro watu zaidi ya 100 walikufa hivyo. Aliyeungua apoozwe kwa maji ya kawaida yanayotiririka dakika 20, kisha afunikwe kitambaa safi kikavu, hamna dawa ya meno, hamna yai.

23. Ajali imetokea ng'ambo, Msangamkuu au Songosongo.

Usafiri wa maji ndo unaopanga muda, kwahiyo mjue mwenye boti la injini anaishi wapi na petroli ipo kiasi gani. Mgonjwa alazwe katikati ya boti, afunikwe asilowe. Mkiwa bado majini pigeni simu gari lisubiri gatini, msianze kulitafuta mkishashuka.

24. Barabara ikikatika kabisa?

Imetokea, Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya viliikata barabara ya Lindi kwenda Dar maeneo ya Kilwa, magari yakalala siku kadhaa. Msipoteze masaa mkisubiri maji yapungue na mgonjwa ndani ya gari. Rudini kwenye tiyata iliyo upande wenu, hata ikiwa ndogo, damu izuiwe na tumbo lifunguliwe hapo kama inabidi, alafu mganga mfawidhi aombe msaada wa usafiri wa anga kupitia mganga mkuu wa mkoa na kamati ya maafa. Kama maji yanavukika kwa miguu, ambulensi mbili, moja kila upande, na mgonjwa anabebwa kwenye machela na watu sita, wawili wakitangulia na fimbo kupima kina. Usiku haifanyiki.